Karatasi Sita Nyeusi

Mitundu,
3 Desemba 2024

Mzee Abdillahi, shikamoo.

Ni mimi Eliana, yule mwanafunzi aliyekuja studio kwako kupiga picha ya pasipoti ya mtihani, akarudi kesho yake na keshokutwa kutazama picha zako za ukutani bila kusema kitu. Nimemaliza Kidato cha Nne na nimefika nyumbani salama. Kamera yako uliyoniazima nayo imefika salama. Niliipakata njia nzima, konda akaniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Samahani kwa kuandika badala ya kupiga simu. Nikishika simu maneno yote yananikimbia, nabaki nasema ndiyo, ndiyo. Na mkanda wa picha nilizopiga lazima uje kwa basi, basi nikaona barua isindikizane nao.

Nayakumbuka maneno yako: nikuletee tembo mmoja wa porini anayenitazama usoni, kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe, halafu nije nianze kazi kwako. Nimemwambia baba. Hakukubali, hakukataa. Alisema, "Mimi sijui picha. Nionyeshe." Amenipa mpaka tarehe 25 Januari. Nikiwa sina picha ya kumwonyesha, naenda Manyoni kwa shangazi Kristina kujifunza kushona. Shangazi ni mwema sana. Lakini nikiwaza cherehani nasinzia, na nikiwaza chumba chako cha giza usingizi unapotea kabisa.

Baba hawapendi tembo. Mwaka jana walipita katikati ya alizeti zake, na anapowataja huwa anawaita "wale jamaa".

Anayenipeleka ni mjomba Paschal. Yeye ni mrina asali, mizinga yake imetundikwa msituni karibu na dimbwi wanapokunywa maji tembo. Ananipandisha kwenye mti wenye mzinga, kwa sababu tembo anaogopa nyuki na hausogelei. "Hapa," anasema, "uko salama kuliko kanisani." Nyuki wamenizoea. Kabla hatujakaa anapukuta majivu kutoka kwenye kifuko cha kitambaa, kuona upepo unakwenda wapi.

Juzi walikuja saba. Mzee, nilifikiri nitawasikia. Hawakusikika! Msitu ulikuwa mtupu, nikapepesa macho, ukawa umejaa. Wanyama wakubwa vile, na hakuna kijiti kilichovunjika. Nilichosikia ni matumbo yao tu, yakinguruma chini kwa chini kama chungu kinachochemka nyumba ya pili.

Ulinielekeza kila nikibonyeza niandike kwenye daftari nilichokiona. Nimenakili yote kwenye karatasi iliyomo humu. Na. 19, kwa mfano: mtoto amepita chini ya tumbo la mama yake, kichwa kimetokeza upande wa pili, mkonga haujui uende wapi.

Nisamehe kwa makosa.

Mimi mwanafunzi wako,
Eliana Naftali


Singida mjini,
12 Desemba 2024

Mjukuu wangu Eliana,

Marahaba. Anayeandika ni Bibi Amne, mimi nasema tu. Macho yananisumbua kidogo, ni hili vumbi la Singida. (Si vumbi. Amne.)

Mkanda wako nimeusafisha. Kuuzungusha kwenye kigurudumu chake gizani ni kazi ya vidole, na vidole vyangu vimeifanya miaka arobaini na tatu. Kisha nimechapa picha sita ulizozieleza vizuri zaidi. Zimo kwenye bahasha ya ndani pamoja na negativu zake. Bahasha nimeibandika mwenyewe mlemle chumba cha giza, kwa sababu kanuni ya studio hii unaijua: picha haionwi na mtu kabla ya mwenyewe. Hata aliyeshika kalamu hajaiona. (Na wala sijaomba.)

Mjukuu wangu, Na. 19 ni kazi. Yule mtoto chini ya tumbo la mama yake, mkonga haujui uende wapi! Nimefurahi.

Sasa sikiliza. Uliniuliza siku nilipokupa kamera kwa nini nyeusi na nyeupe, nikakujibu kwa mzaha kwamba mimi ni mzee wa zamani. Jibu lenyewe ni hili. Tembo hana rangi yake. Leo ni mwekundu, kesho wa kijivu, anavaa udongo aliojimwagia. Ukipiga kwa rangi unapiga udongo. Ukiiondoa rangi inabaki ngozi, na ngozi ile ina habari nyingi kuliko gazeti. Subiri jua lishuke, lije kutoka ubavuni, kila mkunjo upate kivuli chake.

Ila nimesoma daftari lako (nimemsomea mimi), na wote saba wamekupa mgongo au ubavu. Mwaka 1986 nilikwenda huko kwenu, nikakaa siku tisa porini, nikarudi na migongo kumi na moja. Bibi yako aliichambua yote akaniuliza, "Hawa wamekukasirikia?" Nataka uso, Eliana. Nautaka upesi.

Wasalimie wazazi na mrina asali.

Abdillahi

Mjukuu, ni Amne tena, yeye ametoka kwenda kuswali. Usijitupe mbele ya mnyama kwa sababu ya mzee mwenye tamaa. Picha itakuja tu.


Mitundu,
17 Desemba 2024

Mzee Abdillahi, shikamoo. Shikamoo na Bibi.

Bahasha nimeipokea. Nimezitazama picha kwa muda mrefu sana. Asante kwa kazi yako kubwa. Naona bado sijajua kupima mwanga, nitajitahidi.

Baba naye amezitazama.

Nitautafuta uso.

Eliana Naftali


Mitundu,
17 Desemba 2024

Dorika rafiki yangu,

Hamjambo hapo Mtinko? Nimemaliza sasa hivi kumwandikia Mzee Abdillahi barua ya uongo, na hakuna neno hata moja la uongo ndani yake. Sijui nimefanyaje.

Zile picha zimekuja. Nilifungua bahasha mbele ya baba, mama na mjomba Paschal. Dorika, ni nyeusi. Sisemi zina giza kidogo. Ni karatasi sita nyeusi kama kitako cha sufuria. Kwenye moja, ukiinamisha hivi, kuna alama ya kijivu ambayo labda ni sikio.

Baba aliichukua moja, akaigeuza, akaigeuza tena. "Juu ni wapi?"

Mjomba akasema, "Mimi nilikuwepo. Hapo tembo kaingia ndani ya mzinga."

Mama akamwambia anyamaze, ila na yeye alikuwa anacheka. Mimi nilitoka nje.

Kinachoniumiza ni kwamba Mzee ameisifu. Amesema Na. 19 ni kazi, akataja mpaka mkonga wa mtoto. Nimewaza labda jicho la fundi linaona ndani ya weusi kitu ambacho mimi sikioni. Au ananionea huruma. Kwa vyovyote vile nimekosea mimi, na nitamwambiaje mzee wa umri ule kwamba alichonitumia hakionekani? Nimeandika asante.

Baba ameshampigia shangazi simu. Nilimsikia akisema nitafika mwishoni mwa Januari.

Wako,
Eliana


Mtinko,
22 Desemba 2024

Eliana,

Wewe utakufa kwa heshima, nakwambia. Siku ile darasani mwalimu alisoma jina la mwenzako kwenye karatasi yako ukanyamaza, ukapewa maksi thelathini na mbili za watu. Bado hujajifunza?

Nisikilize. Negativu ni vile vipande vya plastiki alivyokutumia pamoja na picha. Umevitazama? Najua hujavitazama, umekaa unalilia karatasi. Shika kimoja juani. Tulisoma na wewe, kilicho cheusi pale kitakuwa cheupe. Kama vipo vyeusi tii au vitupu kabisa, basi kosa ni lako na ukashone. Kama tembo wamo, kosa ni la aliyechapa.

Halafu jambo la pili, na hili nakuomba usome umekaa. Anayeandika barua ni mkewe. Anayemsomea daftari ni mkewe. Picha zenyewe hazionwi na mtu mpaka zikufikie. Na sifa alizokupa, mkonga haujui uende wapi, si maneno yako mwenyewe uliyomwandikia? Shoga, yule mzee hajaisifu picha. Amesifu barua. Mimi naona haoni.

Hapa kwetu tunasubiri mvua na matokeo, sijui kipi kibaya zaidi. Mwambie ukweli. Ukishindwa nipe namba yake nimpigie mimi.

Dorika


Mitundu,
5 Januari 2025

Mzee Abdillahi, shikamoo. Shikamoo Bibi Amne.

Bibi, naomba umsomee yote mpaka mwisho hata kama atakwambia uache.

Kwanza nimemwona. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 2, saa kumi na moja jioni, mvua imetoka kunyesha na jua limerudi kutoka chini ya mawingu. Nilikuwa nimegundua kwamba kwenye ule mti wa nyuki sitapata uso kamwe. Kinachonilinda ndicho kinachowageuza. Nikamwomba mjomba anipandishe kwenye mninga ulioko karibu zaidi na maji, ambao mzinga wake nyuki wameuhama. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu alinipandisha, akapanda na yeye tawi la juu yangu, akaniambia, "Ukianguka, mama yako ataniua kabla ya tembo."

Walikuja kama kawaida, hakuna, halafu wapo. Sita walikwenda majini. Yule jike mkubwa, wa mbele, hakwenda. Alisimama. Akainua mkonga, akaupinda hewani kama mtu anayesoma kitu kwa kidole, kisha akaja kwenye mti wetu taratibu mpaka nikawa naona juu ya kichwa chake. Nilisikia harufu yake, ya matope na majani yaliyotafunwa. Nilisikia anavyovuta pumzi. Mkonga ukapanda kwenye shina, ukafika kwenye kiatu changu cha shule, ukakinusa. Pumzi yake ilikuwa ya moto, ikapita kwenye soksi.

Sikuogopa. Natamani ningesema niliogopa, maana watu wanaelewa woga. Nilijiona mdogo, na kwa mara ya kwanza udogo haukuniaibisha. Ulinipumzisha. Mwili wake ulijaza macho yangu yote, nikasahau nina mikono.

Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akafungua masikio, akainua uso, akanitazama. Jua lilikuwa ubavuni kwake kama ulivyosema. Kila mkunjo ulikuwa na kivuli chake. Ana kope ndefu, Mzee. Kope za mtu.

Nilibonyeza mara moja. Na. 22. Mkanda ulikuwa na nafasi kumi na nne zimebaki na sikupiga tena hata moja. Niliona haya. Alikuwa amenipa uso, nikaona kuomba zaidi si adabu.

Alipoondoka tulishuka, tukatembea mpaka njia panda. Hapo mjomba akasema, "Nina miaka thelathini msituni." Akaishia hapo.

Sasa la pili. Mkanda huu wa pili sijautuma, upo nyumbani umefungwa kwenye kitambaa. Mzee, picha sita ulizonitumia ni nyeusi. Hakuna tembo anayeonekana. Nilikuandikia asante kwa sababu sikuweza kuandika kitu kingine, na tangu siku ile ninajisikia vibaya. Nilidhani kosa ni langu. Kisha nimezishika negativu juani, na tembo wamo wote, weupe, mpaka manyoya ya mkia. Mtoto yumo chini ya tumbo. Umeusafisha mkanda vizuri kabisa. Ni kuchapa ndiko kulikoharibika.

Sisemi huoni. Naomba tu unisamehe nikiuliza: je, unaziona?

Naomba Na. 22 usiichape bila mimi. Kama nimekukosea adabu, nitarudisha kamera kwa basi la Jumatatu na sitakusumbua tena.

Eliana Naftali


Singida mjini,
11 Januari 2025

Mjukuu Eliana,

Mimi Amne, peke yangu. Nilimsomea barua yako mpaka mwisho. Kwenye tembo alilia. Kwenye picha aliondoka. Leo ni siku ya tatu studio imefungwa, anakula akikumbushwa. Usirudishe kamera. Sijakukasirikia wewe. Nimejikasirikia mimi, miaka miwili namwongoza mkono barabarani na kumwambia "tahadhari mtaro", halafu anaingia peke yake chumba cha giza na mimi nasema huko ni kwake, anajua. Mpe muda.

Bibi yako,
Amne


Singida mjini,
18 Januari 2025

Mjukuu wangu Eliana,

Sizioni.

Jicho la kulia lilizima mwaka juzi. La kushoto linaona dirisha, na linaona kwamba mtu amesimama, lakini si nani. Daktari anasema ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Hilo sikumwambia mtu. Nilidhani chumba cha giza kitanificha, mle ndani wote ni vipofu.

Nitakwambia kosa lilivyotokea, maana wewe ni fundi na unastahili kujua. Ukichapa picha unamulika negativu kwenye karatasi kwa sekunde kadhaa. Ikizidi inakuwa nyeusi. Mimi kila mwezi niliona ile taa imefifia, nikasema balbu imezeeka, nikaongeza sekunde. Balbu haikuzeeka. Nilianza na nane. Picha zako nimezimulika sekunde arobaini.

Baada ya barua yako nilianza kuwaza wale wengine. Mwaka jana wote nilikuwa nikichapa picha zangu za zamani na kuwapa watu zawadi, kwenye bahasha iliyobandikwa. Nilimtuma mwanangu Selemani azunguke awaulize. Kumi na mmoja, Eliana! Wote walipokea, wote waliniambia mashallah. Mzee Kudra ameiwekea fremu, ipo sebuleni kwake. Selemani alimuuliza, "Hii ni picha ya nini?" Akajibu, "Sijui, lakini ni ya Abdillahi." Siku ya nne ya kufunga studio nilicheka mpaka Amne akadhani nimeugua. (Nilidhani hivyo kweli.)

Watu wazima kumi na mmoja, marafiki zangu, wakaninyamazia kwa upendo. Ukweli akaniambia binti ambaye hata simu hapokei.

Njoo na mkanda. Kazi siwezi kukuahidi tena kwa barua, kwa sababu sijui kama mimi bado ni fundi wa kumfundisha mtu. Njoo tuone pamoja. Nimesema tuone, na Amne ameliandika bila kucheka.

Abdillahi


Singida mjini,
24 Januari 2025

Baba, shikamoo. Msalimie mama.

Kesho ni tarehe 25 uliyonipa. Bahasha hii inaondoka na basi la alfajiri, itakufikia siku yenyewe. Tafadhali soma barua kwanza, picha iko ndani imefunikwa kwa karatasi.

Jana tuliingia chumba cha giza, mimi na Mzee Abdillahi. Alizima kila kitu. Giza lile si kama la nyumbani, halina hata nyota. Nikasikia anafungua mkanda wangu na kuuzungusha, vidole vyake havikukosea mahali hata pamoja. Mle mimi ndiye niliyekuwa sioni. Aliniambia, "Usipumue juu ya mkono wangu, mjukuu, naona vibaya," tukacheka.

Leo mkanda ulikuwa umekauka, tukachapa. Kuna taa ndogo nyekundu. Niliweka Na. 22 kwenye mashine, akaniuliza sekunde ngapi, nikamwambia nane. Kisha karatasi ikaingia kwenye beseni la dawa. Yeye ndiye aliyeishika kwa koleo, kwa sababu anajua kuitikisa, na mimi nikasimama kumwambia.

Baba, ilikuwa karatasi nyeupe. Halafu si nyeupe. Kitu kikaanza kutoka ndani yake polepole, kama mtu anayepanda kutoka majini.

"Nini?" akauliza.

"Masikio, Mzee. Ukingo wa masikio."

"Enhe."

"Paji la uso. Mikunjo inaingia. Pembe. Jicho moja."

"Jicho likoje?"

"Bado. Bado. Lina mwanga ndani. Kope zinatoka."

"Eliana, mimi hapa sijui kitu. Ukinyamaza inaungua."

Ningenyamaza, baba. Unanijua. Tembo alikuwa amekuja mzima, ametazama. Lakini kwenye kona weusi ulikuwa unaanza kuzidi, nikapiga kelele, "Toa! Toa sasa!" Nimempigia kelele mzee wa watu ndani ya nyumba yake. Bibi Amne alikuja kugonga mlango akiuliza nani kaumia.

Aliitoa. Tukaiosha. Akaishika kwa kingo mbili, inachuruzika, akaigeuzia usoni kwake karibu kabisa, kama vile wanatazamana. Akauliza tembo yule ana umri gani. Nikamwambia mjomba anasema alimkuta tayari ni mama, alipoanza kutundika mizinga.

Mzee Abdillahi akainamisha kichwa akamwambia, "Shikamoo."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Tulisimama hapo mpaka maji yalipoacha kudondoka.

Picha ya kwanza ni yake, itatundikwa studio. Hii uliyo nayo ni ya pili, nimeichapa mwenyewe. Najua walikuharibia alizeti, sikuombi umsamehe. Naomba umtazame tu. Juu ni pale palipo masikio, lakini nadhani utaona mwenyewe.

Mwambie shangazi Kristina namshukuru sana na sitakwenda Manyoni. Mzee amesema naanza kazi hapa Jumatatu. Nitalala chumba cha uani kwa Bibi Amne. Ukitaka kunijibu piga simu kwa Selemani, mwana wa Mzee, jioni. Nitapokea.

Mwanao,
Eliana